Asilimia Arobaini ya Hasira

Jumatatu moja ya mwezi wa sita, saa mbili na robo asubuhi, Sabra aliarifiwa rasmi kwamba anachukiwa na asilimia arobaini ya wateja wake. Si thelathini na tisa, si arobaini na moja. Aliyemwarifu ni bosi wake, Bwana Kassimu, na alimwarifu akiwa amesimama, jambo ambalo kwa uzito wa mwili wake hakulifanya ila kwenye misiba na siku za kukaguliwa mapato.

"Arobaini," alisema, akitikisa kikaratasi. "Wiki iliyopita arobaini. Wiki ya kabla yake arobaini. Binti, watu wanakuchukia kwa nidhamu!"

"Labda mashine mbovu, Bosi."

"Mashine haina sababu ya kukusingizia. Haikujui."

Sabra alikuwa na miaka sita kwenye kaunta ya duka la pembejeo la Kassimu na Wanawe, Mtwara mjini, kando ya barabara ya malori yaendayo bandarini. Wana wenyewe walikuwa Dar es Salaam na hawakuwahi kugusa hata mlango wa duka, lakini bango lilikwisha chorwa, na rangi si bure. Duka liliuza mbegu, mabomba ya kupulizia, na zaidi ya yote salfa, ule unga wa manjano ambao mikorosho isipopuliziwa huota ukungu mweupe na maua yote hudondoka. Tangu mwezi wa tano wakulima walikuwa wakimiminika kutoka Kitaya, Tangazo, Mahurunga na vijiji vingine vinavyoelekea mdomo wa mto Ruvuma, kila mmoja na namba yake ya usajili, kuchukua salfa ya ruzuku. Aliyewapokea wote hao ni Sabra.

Na sasa mwezi ulikuwa umebakiza siku tano.

"Nimesema na narudia," Bwana Kassimu akahitimisha. "Ijumaa nyekundu isiposhuka chini ya ishirini, kaunta naikabidhi kwa Magreth, na wewe utaangalia pengine pa kujishikiza. Mimi sina ubaya na mtu. Ni utafiti."

Utafiti huo uliletwa na kijana mmoja aitwaye Elisha, mwenyeji wa Njombe, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha mbali. Mada yake ilikuwa ndefu kuliko foleni ya salfa: ubora wa huduma na matumizi ya teknolojia katika biashara za pembejeo, mfano wa Mkoa wa Mtwara. Bwana Kassimu aliisikiliza mada yote akiwa amefumba macho, akauliza kama kuna malipo, akaambiwa hakuna, akafumbua macho na kukubali.

Kitendea kazi cha utafiti kilikuwa kisanduku cheusi juu ya mguu wa chuma, chenye vitufe vitatu vilivyopangwa mstari mmoja. Kushoto chekundu, chenye sura iliyonuna. Katikati cha njano, chenye sura isiyo na habari na mtu. Kulia cha kijani, chenye sura inayocheka. Ukibonyeza, kinalia *ti!* na taa ndogo inawaka. Mteja akishahudumiwa, anabonyeza kitufe kimoja kulingana na roho yake, anakwenda zake. Hesabu hukusanyika ndani, na ufunguo wa nyuma anao Elisha peke yake.

Kwa kuwa mtu hawezi kusema ukweli huku anatazamwa na anayesemwa, Elisha alikiweka kisanduku kwenye kiukumbi cha mlango wa nyuma, pale wateja wanapotokea na mizigo yao, akakizungushia mbao laini mpaka pakafanana na kibanda cha kupigia kura. Sakafuni akachora mstari wa chaki. Mhudumu yeyote haruhusiwi kuuvuka mstari huo. Bwana Kassimu, ambaye sheria za watu wengine alizipenda sana, aliongeza kwamba atakayeonekana upande wa pili wa mstari atakuwa amejifukuza mwenyewe.

Ndiyo kusema Sabra alikuwa anahukumiwa kila siku, hatua kumi na mbili kutoka aliposimama, na hakuwahi kuona hata uso mmoja wa anayemhukumu.

Siku nzima ile ya Jumatatu aliwatazama wateja kwa jicho jipya. Kila aliyesema "ahsante, mwanangu" alimshuku. Mzee mmoja wa Nanguruwe alimbariki yeye, mtoto wake na kizazi chake chote, kisha akaelekea mlango wa nyuma, na baada ya kitambo Sabra akasikia *ti! ti! ti!* kwa mbali. Baraka zote zile, halafu unanibonyezea nyekundu? Dunia imekwisha.

Hadi jioni alikuwa amekwisha pata mtuhumiwa wa maana zaidi.

Magreth alikaa kwenye meza ya risiti, karibu na mlango wa nyuma. Alikuwa mke wa karani mmoja wa bandarini, na mwenyewe alikuwa mtu wa sauti ndogo na chupa kubwa ya chai. Kwa muda wa mwaka mzima hakuificha hamu yake ya kuhamia kaunta, kwa sababu feni pekee la duka lilikuwa kaunta. Na kila saa nne Magreth alinyanyuka na chupa yake, akapotelea upande wa kiukumbi kwa dakika tano.

"Dada Magreth," Sabra alimwuliza, kwa upole wa mtu anayenoa kisu, "chai unanywea wapi siku hizi?"

"Nje. Kwa nini?"

"Naona tu unapenda sana kupita kule nyuma."

"Kule ndiko kwenye upepo. Feni si unalikumbatia wewe?"

"Mtu akipita kule anaweza kujigongagonga kwenye vitu."

Magreth akamkazia macho. "Sabra. Kama una neno, liseme. Mimi nimelelewa kwa kiboko, mafumbo siyajui."

Sabra alikwenda nalo nyumbani. Kitandani aliwaza, na mawazo yakamletea mtuhumiwa wa pili, tena msomi. Ni nani aliyekuwa na ufunguo? Elisha. Ni nani aliyeandika namba kwenye kikaratasi? Elisha. Na ni nani aliyekuwa akitabasamu kila Jumatatu, akisema matokeo yake "yametulia", na kwamba msimamizi wake wa chuo amefurahi kupita kiasi kwa sababu hajapata kuona wateja waliogawanyika vizuri namna ile, arobaini wananuna, arobaini wanacheka, ishirini hawana habari? Wateja wa kweli hawagawanyiki vizuri. Wateja wa kweli ni kama mbuzi.

Hivyo Sabra akaamua kufanya utafiti wake. Hakuwa na chuo wala msimamizi, ila alikuwa na kidau cha wino wa muhuri, wa rangi ya zambarau, ule ambao ukikushika unakwenda nao mpaka sikukuu.

Jumanne alifika wa kwanza. Akauvuka mstari wa chaki kwa vidole vya miguu, akakipaka kitufe chekundu wino mwembamba, safi, usioonekana kwenye kivuli cha kibanda. Akarudi kaunta, akanawa, akakaa kwa utulivu wa mtu mwenye dhamiri njema. Mpango ulikuwa rahisi: atakayeonekana na kidole cha zambarau ndiye.

Saa nne Magreth alirudi na chupa yake.

"Hebu mikono yako," Sabra akamwambia.

"Ya nini?"

"Nataka kuona kama hina imetoka."

"Mimi nimepaka hina lini? Mimi Mkristo wa Masasi!" Lakini alinyoosha mikono, na ilikuwa safi, yenye harufu ya tangawizi. Sabra akaona haya kidogo, si sana.

Saa tano Elisha aliingia na begi lake, akasalimu, akampa Sabra mkono bila kuombwa. Mkono ulikuwa mweupe kiganjani kama wa mtu asiyejua hata jembe linashikwaje. Hakuna wino. Sabra akaushikilia mkono ule muda mrefu kupita kawaida, mpaka mtafiti akaanza kuwa na mawazo mengine.

"Dada Sabra... kuna tatizo?"

"Hamna, kaka. Nenda kafanye sayansi yako."

Saa sita kasorobo akatokea Mzee Bakari wa Kitaya. Huyu alikuwa mteja wa kwanza asubuhi ile. Alichukua mifuko yake miwili ya salfa akaondoka, sasa alirudi kwa sababu alisahau kofia yake. Sabra alimkabidhi kofia juu ya kaunta. Mzee akanyoosha mkono wa kushoto kuipokea, kwa kuwa wa kulia ulikuwa umeshika fimbo, kisha akakumbuka adabu, akahamisha fimbo ili apokee kwa mkono wa kulia. Lakini Sabra alikwisha ona.

Ncha za vidole vinne vya mkono wa kushoto zilikuwa za zambarau. Si kimoja. Vinne, kimoja baada ya kingine, kama vimepakwa na fundi. Kidole gumba safi.

Mtu aliyekasirika anabonyeza kwa kidole kimoja. Aliyekasirika sana anapiga ngumi. Lakini ni hasira gani hii ya kupeana zamu?

"Mzee wangu, shikamoo tena."

"Marahaba tena."

"Vidole hivi vimeingia wapi?"

Mzee Bakari akavitazama kwa fahari. "Aa, hivi? Leo mmeweka na wino. Safi sana. Nilikuwa nasema moyoni, uhakiki gani huu hauna wino?"

"Uhakiki?"

"Si ule wa pale nyuma! Mwaka juzi tulipoandikishwa tulitoa vidole kumi. Sasa mwaka huu ukichukua salfa unapita pale unahakiki. Usipohakiki, mwakani jina halitoki. Kijijini wote tunajua. Aliyesahau juzi alirudi na bodaboda kutoka Kitaya mpaka hapa, akahakiki, akarudi."

Sabra aliegemea kaunta. "Mzee, naomba unionyeshe unavyofanya."

"Wewe si mwenye duka? Hujui?"

"Nionyeshe tu, baba yangu. Nataka nijifunze."

Wakaenda. Kwenye mstari wa chaki Sabra alisita kiasi cha pumzi moja, kisha akauvuka, kwa sababu kuna mambo ambayo mtu akishayasikia hawezi tena kusimama upande wa huku. Mzee Bakari akaingia kibandani, akavua kofia, akajifuta mikono kwenye msuli aliojifunga kiunoni, akasimama wima kama anapigwa picha.

"Nkono wa kushoto upande wa kushoto," alisema, akipitisha vidole hewani juu ya kitufe chekundu bila kukigusa. "Hiki, hiki, hiki, hiki. Kila kimoja kinaitikia *ti*. Kisichoitikia unarudia. Halafu nkono wa kulia upande wa kulia, vinne. Halafu gumba na gumba hapa kati. Kumi. Umemaliza."

"Mbona hugusi sasa?"

"Niguse tena? Nitasomeka watu wawili! Halafu niitwe mwizi wa salfa?"

"Na hizi sura, mzee? Ulizionaje?"

Mzee akazitazama moja moja. "Ni maofisa hawa. Mmoja mkali, mmoja hana habari na wewe, mmoja mpole. Kila ofisi ina watu hao watatu."

Sabra alikuwa katikati ya kicheko, kicheko chenye machozi, alipohisi kivuli kikubwa mgongoni.

"Aha," alisema Bwana Kassimu.

Nyuma yake alikuwapo Elisha, mdomo wazi, akiutazama mstari wake wa chaki uliokanyagwa kana kwamba ni mtu aliyegongwa na gari.

"Bosi, sikiliza..."

"Nasikiliza nini? Nimekukuta kibandani. Na mteja umemshika mkono unamfundisha pa kubonyeza. Kumbe ndiyo mchezo wako!"

"Sasa Bosi, kama ni mimi ninayebonyeza, nitajibonyezea nyekundu? Nina wazimu?"

Bwana Kassimu akafikiri. Swali lilikuwa zuri na hakulipenda. "Labda ulikuwa unabonyeza kijani ukakosea," alisema hatimaye. "Giza humu."

Mzee Bakari akaeleza mwenyewe, kuanzia uandikishaji wa mwaka juzi. Bwana Kassimu alimsikiliza akiwa amekunja mikono, kisha akamwuliza polepole amepewa nini na huyu binti. Mzee akavaa kofia yake, akasema hajaja mjini kutukanwa, akatoka bila kuaga.

"Haiwezekani," Elisha akasema kwa sauti nyembamba. "Kifaa kimefanyiwa majaribio. Msimamizi wangu amesifu sampuli. Sura ya nne ya tasnifu nimeshaiandika, dada Sabra. Kurasa thelathini na mbili."

"Kaka Elisha, sampuli ya wiki iliyopita ilikuwa watu wangapi?"

"Mia saba na kumi," akajibu, na hata katika majonzi yake namba ile ilimpa joto.

"Ya wiki ya kabla yake?"

"Mia sita na arobaini. Na ya kwanza, mia nane na thelathini."

"Zote zinaishia na sifuri. Bosi, wewe ndiye mwenye duka. Wiki iliyopita tulihudumia watu mia saba na kumi?"

Wiki tatu nzima Bwana Kassimu alikuwa akisoma asilimia tu. Kama watu mia saba na kumi wangepita dukani kwa wiki, angekuwa amekwisha jenga ghorofa Ufukoni.

Hata hivyo shuka la shaka halivuliwi mara moja. "Anayebonyeza mara kumi kumi anaweza kuwa mtu mmoja," alisema, macho yakimrudia Sabra. "Anaweza kuwa wewe. Siamini mtu hapa. Sijiamini hata mimi."

"Basi nifungie," Sabra akasema.

"Nikufungie?"

"Ofisini kwako. Ufunguo kaa nao. Magreth ahudumie kaunta, feni lote lake. Elisha arudishe hesabu sifuri sasa hivi. Saa kumi jioni mtahesabu wakulima wa ruzuku kwenye daftari, kila mmoja mumpe nyekundu nne, njano mbili, kijani nne. Namba ikilingana na ya mashine, ubaki unajua kwamba watu hawajanichukia. Isipolingana, sihitaji kusubiri Ijumaa."

Alisema hivyo kwa sauti imara. Ni baada ya mlango kufungwa nyuma yake ndipo alipojiuliza kama wakulima wote wanahakiki sawasawa na Mzee Bakari. Je, kama wa Tangazo wana mtindo wao? Kama wa Mahurunga huanza na gumba? Na Magreth je, leo akipita na chupa yake akaamua kuchangia vitano vyake? Alikaa kwenye kiti cha Bosi, akatazama kalenda ya mwaka juzi ukutani, akafikiria mtoto wake wa darasa la tatu ambaye Jumatatu alikuwa ameomba viatu. Kutoka kiukumbini ilimfikia milio hafifu. Akajaribu kuihesabu, ikampotea kwenye ngurumo za malori.

Saa kumi na dakika tano kitasa kililia. Waliingia wote watatu. Bwana Kassimu alikuwa na daftari la ruzuku, Elisha alikuwa na kikaratasi, Magreth alikuwa anatoka jasho licha ya feni.

"Wakulima kumi na saba," Bwana Kassimu alisoma. "Kwa hesabu yako: nyekundu sitini na nane, njano thelathini na nne, kijani sitini na nane. Ndiyo?"

"Ndiyo."

"Mtafiti, soma."

Elisha alisoma kama mtu anayesoma wosia uliomnyima. "Kijani, sitini na nane."

Magreth akashika kifua.

"Njano, thelathini na nne."

"Mungu wangu," akasema Magreth. "Kwa hiyo hata mimi nimenuniwa arobaini? Na nilivyowachekea!"

"Nyekundu," Elisha akaendelea, "sitini na saba."

Bwana Kassimu akamnyang'anya kikaratasi.

"Sitini na saba," Bwana Kassimu akarudia, na polepole ule mwanga wa shaka ukarudi machoni mwake, mzuri na mwangavu kama taa ya mgahawa. "Imepungua moja. Ulisema italingana. Sasa sayansi gani hiyo inayochechemea?"

Sabra aliitazama namba. Kijani kamili. Njano kamili. Nyekundu moja haipo. Mtu kama ni mvivu, angeacha popote. Mtu kama ni Magreth, angeongeza, asingepunguza.

"Bosi," alisema, "kati ya wale kumi na saba kuna mtu hana kidole kimoja cha mkono wa kushoto."

Bwana Kassimu alicheka mpaka meza ikasogea. "Sasa umeanza uganga!"

"Si gumba. Ni kimoja cha vile vinne. Wangapi bado wako uani?"

"Sita," Magreth akajibu. "Wanasubiri lori la fuso liendalo Kitaya."

Wakatoka uani. Watu sita walikuwa wamesimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta, mifuko ya salfa miguuni. Bwana Kassimu, kwa kuwa yeye ndiye mwenye uwanja, aliwaomba waonyeshe mikono ya kushoto. Hakueleza kwa nini; hakuwa mtu wa kueleza. Mikono mitano ikainuka papo hapo, vidole vimetanuliwa, kwa utii wa watu waliokwisha zoea kuombwa viungo vyao na kila anayetoka ofisini.

Wa sita hakuinua. Alikuwa mama mmoja mrefu, mkono ameuficha chini ya khanga, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Bi Saida wa Tangazo," Magreth akanong'ona. "Nimemhudumia mwisho."

"Mama," Sabra akasema, akisogea. "Shikamoo. Hakuna ubaya."

"Nani kawaambia?" Bi Saida aliuliza kwa hasira iliyochanganyika na hofu. "Nilijua tu. Nilibonyeza vitatu, nikasubiri, nikasema kitaniuliza cha nne. Hakikuuliza. Nikashukuru Mungu nikatoka. Kidole kilikwenda na panga tangu nina miaka kumi na tisa, nikipalilia mikorosho ya baba yangu. Sasa mnataka kuchukua salfa yangu kwa ajili ya kidole? Mwandikishaji alinikubali na tisa!"

Akautoa mkono. Nafasi ya kidole cha shahada ilikuwa tupu, imepona zamani, laini kama kisiki cha mkorosho uliokatwa vizuri.

Hakuna aliyecheka. Bwana Kassimu aliutazama mkono ule, akalitazama daftari, akautazama tena mkono. Alionekana kama mtu aliyetafuta mwizi nyumba nzima akakuta ni mgeni wake mwenyewe, amelala.

"Salfa ni yako, mama," Sabra akamwambia. "Hakuna anayeichukua. Mashine ile haihakiki kitu. Iliwekwa iulize kama tunawahudumia vizuri."

Bi Saida akageuka kumtazama, kisha akamtazama Elisha na begi lake. "Iulize? Ile? Mbona haikusema?"

Elisha alikuwa amekaa juu ya mfuko wa salfa bila kujali suruali yake. Kurasa zote thelathini na mbili zilikuwa zikimpita machoni, moja moja, zikimuaga. Alifungua begi, akatoa kalamu, akawa kama hajui aanzie wapi.

"Mama," alisema mwishowe, "mimi ndiye niliyeiweka. Naomba nikuulize kwa mdomo. Huduma ya duka hili unaionaje?"

"Kweli unataka kujua?"

"Kweli."

"Na huyu bwana mkubwa amesimama hapahapa?"

"Na asimame," Elisha akasema, akiivunja kanuni yake ya faragha mbele ya mashahidi wanane.

Bi Saida akavuta pumzi. "Basi kwanza, leo nimehudumiwa na huyu mama wa chai. Ananichekea, ananichekea, meno yote nje, ila hakuniambia salfa napulizia saa ngapi. Nimetoka na cheko, maelezo sina."

Magreth akainamisha kichwa.

"Yupo mwingine, mwembamba," Bi Saida akaendelea, na Sabra akahisi masikio yakimwaka, kwa maana mama hakuwa amemtambua nje ya kaunta. "Ana kero yule! Anakueleza mara tatu kama wewe kiziwi. Pulizia alfajiri, upepo ukiwa umelala, ziba pua. Mara tatu! Mwaka jana alinikatalia mfuko, akasema umepata maji, siuzi huu, subiri. Nikasubiri mpaka fuso likaniacha. Nilimlaani njia nzima."

Bwana Kassimu aliukumbuka mfuko ule. Alikuwa amemwambia Sabra auuze.

"Halafu mwaka huo mikorosho yangu ikazaa," Bi Saida akamalizia, kama anakiri kosa. "Ya jirani yangu, aliyechukua salfa kwingine, ikapata ukungu yote. Yuko wapi yule mwembamba leo? Mmemfukuza?"

Macho ya uani yote yakaelekea kwa Bwana Kassimu. Alilifungua daftari la ruzuku, akaligeuza, akalifunga. Hapakuwa na asilimia ya kujifichia.

"Hajafukuzwa," alisema. Kisha, kwa kuwa Sabra alikuwa bado anamtazama bila kupepesa, akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, "Kesho saa mbili yuko kaunta. Na Ijumaa. Na kuendelea."

Sabra hakusema ahsante. Aliogopa akifungua mdomo zitatoka mara tatu.

"Vizuri," Bi Saida akasema. Akakunja khanga yake kiunoni, akamnyooshea Elisha mkono wake wa kushoto wa vidole vinne. "Sasa andika, kijana, maana hayo yalikuwa ya utangulizi. Tunatoka Tangazo alfajiri, tunasimama hapa mpaka jua linarudi kulala. Wazee, wajawazito, wote wima. Tangu duka hili lifunguliwe hamjaweka hata benchi moja. Umeandika benchi?"

"Nimeandika benchi," Elisha akajibu, kalamu ikikimbia.

Bwana Kassimu, ambaye alikuwa amesimama tangu saa kumi na miguu ikianza kumwuma, aligeuka kutafuta pa kukaa, akauzunguka uwanja mzima kwa macho, asione.